Nguvu zimepungua, na usiku naamka kukojoa: nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo Dokta,

Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 44. Napiga njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na mzigo ukiwepo navuka mpaka Lubumbashi. Nina mke na watoto watatu. Kwa muda wa mwaka na nusu hivi nguvu zangu za kiume zimekuwa zikipungua. Mwanzoni uume ulikuwa unasimama vizuri halafu unalegea katikati ya tendo. Baadaye ukawa unasimama nusu, hauna ugumu wa kuingia. Siku hizi kuna usiku jongoo hapandi mtungi kabisa, na hamu ninayo. Zamani nilikuwa naamka alfajiri ukiwa umesimama. Sasa ni nadra, na hata ukisimama si kama ule wa zamani.

Mwaka jana nilipimwa presha nikaambiwa iko juu, nikaandikiwa atenololi na bendro. Naona tangu nianze dawa hizo mambo yamezidi kuharibika, na nimefikiria kuziacha. Rafiki yangu akanishauri ninunue vidonge vya bluu. Nilimeza kimoja cha miligramu 100 baada ya nyama choma na bia, nikajilaza kukisubiri, wala hakikufanya kitu. Safari nyingine nikameza viwili kwa mpigo. Kichwa kiliuma, uso ukawaka moto, nikawa naona vitu vina rangi ya bluu, nikaogopa. Nikapewa na vumbi la Kongo nipake, likanitia ganzi tu.

Sasa tatizo limeshaingia kichwani. Hata sijamgusa mke wangu, nimeshaanza kujiuliza kama leo nitaweza. Nikirudi nyumbani najisingizia uchovu. Yeye anaamini nina mchepuko huko njiani. Kaka yangu anasema nimefungwa, na kuna mtu kijijini wa kunifungua. Wengine wanasema ni punyeto ya ujanani imeua mishipa. Ugonjwa mwingine sina, ila uchovu wa barabara, na usiku naamka mara tatu nne kukojoa kwa sababu kiu inanifanya ninywe maji mengi. Sigara navuta kama pakiti moja kwa siku.

Je, hili ni la mwili au la akili? Niache dawa za presha? Vile vidonge vinatumiwaje? Na mihogo mibichi na supu ya pweza vinasaidia kweli?

Msomaji, Mbeya

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Katika barua yako yote, maneno yaliyonishtua ni yale uliyoyataja kama mambo ya pembeni: kiu, na kuamka usiku mara tatu nne kukojoa. Mwanaume wa miaka 44 mwenye presha, anayevuta pakiti ya sigara kwa siku, mwenye kiu isiyokatika na mkojo mwingi, ambaye uume wake umedhoofika polepole, anatakiwa kupimwa sukari wiki hii. Usipakie mzigo mwingine kabla ya kipimo hicho. Na ukianza kutapika, kuhema haraka au kusinzia kupita kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana sukari iliyopanda mno inaua.

Nieleze kwanza uume unavyosimama, kwa sababu ukilielewa hilo utajua kwa nini vidonge vyako havikufanya kazi na kwa nini nasisitiza vipimo. Ndani ya uume kuna mirija miwili ya nyama yenye vishimo vidogo vingi, imelala sambamba na kufunikwa na ganda gumu. Ukipata msisimko, ubongo hutuma taarifa kupitia uti wa mgongo hadi kwenye mishipa ya fahamu ya uume. Mishipa hiyo, pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hii hulegeza misuli midogo inayobana mishipa, damu ikamiminika, vishimo vikajaa. Vikishajaa huzikandamiza vena, yaani mishipa ya kutolea damu, kwenye lile ganda gumu, damu ikakosa pa kutokea. Wewe mtu wa magari utanielewa upesi: tairi linahitaji pampu ya kulijaza na valvu ya kuzuia upepo. Pampu ikiwa dhaifu, tairi halijai. Valvu ikivuja, linajaa kisha linalegea njiani. Dalili yako ya kwanza ilikuwa hiyo ya pili, na sasa umefika kwenye ile ya kwanza.

Kila kinachoharibu ule utando wa ndani wa mishipa hupunguza gesi hiyo: sukari nyingi kwenye damu, moshi wa sigara, presha ya juu, mafuta mabaya. Utando huo umeenea kwenye mishipa ya mwili mzima. Kinachofanya uume utangulie kulalamika ni ukubwa wa bomba. Mshipa unaoingiza damu kwenye uume una upana wa milimita 1 hadi 2, ule unaolisha moyo una milimita 3 hadi 4. Uchafu uleule unaoziba njia nyembamba leo utachelewa miaka kadhaa kuziba ile pana. Ndiyo maana kwa wanaume wengi nguvu hupungua kama miaka 2 hadi 5 kabla ya maumivu ya kifua au mshtuko wa moyo. Umepata onyo mapema, na nafasi ya kulifanyia kazi bado unayo.

Umeuliza kama ni mwili au akili. Zipo alama za kutenganisha. Tatizo la akili likiwa peke yake huja ghafla, mara nyingi baada ya jambo linalojulikana kama ugomvi, msiba, kufukuzwa kazi au kushindwa usiku mmoja. Huchagua mahali na mtu: kwa mke hausimami, akiwa peke yake unasimama. Na asubuhi unaamka umesimama barabara. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 kila usiku akiwa usingizini, kila mara dakika 20 hadi 30 hivi, bila kujua wala kuwaza chochote. Kama usingizini mitambo inafanya kazi, mabomba na nyaya ni nzima, na kinachozuia ni hofu. Tatizo la mwili huja polepole, halichagui mtu wala mahali, na kusimama kwa alfajiri hupungua nako.

Kwa maelezo yako, mwanzo ni wa mwili. Lakini sasa akili imeongeza uzito wake, na hilo nalo lina njia yake mwilini. Ukiwa na wasiwasi, mwili hutoa adrenalini, na adrenalini hubana ile misuli midogo ambayo inatakiwa ilegee. Badala ya kuwa na mkeo, unakuwa mlinzi wa uume wako, unaukagua kila dakika, nao unazidi kulala. Kwa hiyo kutibu mwili pekee kutakuacha nusu njia, na kuambiwa "punguza mawazo" kutakuacha na sukari isiyotibiwa. Yote mawili yaende pamoja.

Vipimo sasa. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa asubuhi, hujala kitu kwa saa 8 (maji matupu ruhusa), na ubebe maboksi ya dawa zote unazotumia, hata hivyo vidonge vya bluu. Sukari ya kufunga ikiwa 7.0 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita ni kisukari, ingawa bila dalili hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kwa mtu mwenye kiu na mkojo mwingi kama wewe, sukari ya muda wowote ikifika 11.1 inatosha. Kama kituo kina kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 hivi, 6.5 kwa mia na kuendelea ni kisukari. Presha ipimwe ukiwa umekaa kimya dakika 5, hujavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, na ipimwe mara mbili. Waombe wapime pia mafuta kwenye damu, figo na mkojo, na wapime kiuno chako kwa futi kamba, maana kikizidi sentimita 94 hatari ya sukari na moyo inapanda.

Testosteroni, yaani homoni ya kiume, wengi hukimbilia kuipima kwanza, na maabara nyingi binafsi hufurahi kukuuzia. Ina maana zaidi pale hamu yenyewe inapokufa, ndevu zinapopungua, korodani zinaposinyaa. Wewe hamu unayo. Lakini ukiwa na kisukari au kitambi ni haki kuipima, na ipimwe asubuhi kati ya saa 1 na saa 5 kabla hujala, kwa sababu mchana hushuka yenyewe. Chini ya 8 kwa kipimo cha nanomoli kwa lita ni upungufu, juu ya 12 si upungufu, katikati panahitaji daktari wa kulipima jambo. Jibu moja la chini halitoshi kuanza sindano. Rudia siku nyingine. Na sindano za testosteroni husimamisha utengenezaji wa mbegu, hivyo anayetaka mtoto asizikubali kirahisi.

Dawa za presha: usiziache. Atenololi ikikatwa ghafla moyo huanza kudunda kwa nguvu, presha hurudi kwa kishindo, na wapo wanaopata mshtuko wa moyo. Hata hivyo malalamiko yako yana msingi. Atenololi na bendro ni miongoni mwa dawa za presha zinazotajwa zaidi kuhusishwa na kupungua kwa nguvu, na zote mbili huweza kusukuma sukari juu kidogo. Bendro pia kazi yake ni kutoa maji na chumvi kupitia mkojo, kwa hiyo kama unaimeza jioni, sehemu ya safari zako za usiku inatoka hapo. Imeze asubuhi. Kisha mwambie daktari hivi, bila haya: "Tangu nianze dawa hizi nguvu zangu zimepungua zaidi, naomba tuangalie nyingine." Losartani, na za kundi la amlodipini na nifedipini, kwa kawaida hazisumbui upande huo. Atenololi itapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili huku nyingine ikianza.

Kuna jambo kuhusu atenololi ninalotaka ulijue. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2003, wanaume 96 waligawanywa makundi matatu ya watu 32, wote wakapewa atenololi. Kundi lisilojua linameza nini, mmoja tu alilalamika uume kutosimama. Walioambiwa jina la dawa bila kuelezwa madhara, watano. Walioambiwa jina na kuonywa kwamba inaweza kupunguza nguvu, kumi. Dawa ileile, kipimo kilekile. Uume wa wale kumi ulishindwa kweli, hawakuwa wakisema uongo, lakini kilichoubana ni ile hofu niliyokueleza. Kwa hiyo badilisha dawa kwa njia sahihi, na usiamke kila siku ukiisubiri ikuangushe.

Punyeto haiui mishipa. Hakuna mshipa unaokufa kwa kuguswa. Kinachoweza kutokea ni kwa kijana aliyezoea mkono unaobana sana na video za ngono kila siku, akashindwa kusisimka na mwanamke halisi. Huyo akiacha wiki kadhaa hurudi, na wewe si huyo. Ngiri nayo huhukumiwa bure: inaweza kuleta maumivu na inahitaji upasuaji, lakini haizuii damu kuingia kwenye uume. Kuhusu kufungwa, imani ya kaka yako siigombi. Ninachokataa ni kupoteza miezi na fedha kijijini huku sukari ikikutafuna. Pima kwanza.

Vidonge vya bluu ni sildenafili, dawa ya kweli na nzuri ikitumiwa ilivyoelekezwa. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Haitengenezi hamu wala haisimamishi uume yenyewe. Mwili una kimeng'enya kinachosafisha kazi ya naitriki oksaidi, na sildenafili hukizuia, hivyo ule ulegevu wa mishipa hudumu zaidi. Pasipo msisimko hakuna gesi, na pasipo gesi dawa haina cha kulinda. Hilo ndilo kosa lako la kwanza: ulijilaza ukaisubiri. La pili ni nyama choma. Chakula cha mafuta huchelewesha dawa kufika kwenye damu kwa kama saa nzima na kuifikisha ikiwa pungufu. La tatu ni bia, inayoulegeza mwili mzima na kushusha presha juu ya dawa inayoshusha presha. Na uliporuka hadi miligramu 200 hukuongeza ugumu, uliongeza madhara tu: kichwa, joto la uso, na ile bluu machoni, kwa sababu kwa wingi dawa hugusa kimeng'enya jamaa yake kilichoko ndani ya jicho.

Daktari akiridhika na moyo wako, matumizi ni haya. Anza na miligramu 50, tumbo likiwa tupu au saa 2 baada ya chakula chepesi. Subiri saa moja, kisha muanze kushikana na mkeo bila papara. Kazi yake hudumu saa 4 hadi 6. Mara moja tu ndani ya saa 24. Ikishindwa siku ya kwanza usiitupe. Ijaribu kwa usahihi siku tofauti, mara 6 hadi 8, ndipo daktari aamue kupanda hadi 100, ambacho ndicho kikomo. Kwa mtu wa kazi yako, asiyejua atafika nyumbani saa ngapi, tadalafili inaweza kufaa zaidi: miligramu 10, chakula hakiizuii, na nguvu yake hufika saa 36. Ipo na ya miligramu 5 ya kila siku. Baada ya dozi ya kwanza ya yoyote kati ya hizi usishike usukani mpaka ujue inakufanyaje.

Nani asiguse kabisa? Anayetumia dawa za kifua za jamii ya naitreti, kama kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi au isosobaidi. Zikikutana na sildenafili presha huanguka ghafla na mtu hufa. Aliyemeza sildenafili akaumwa kifua, amwambie daktari wa mapokezi kabla ya kuwekewa chochote, naye asipewe naitreti kwa saa 24. Kwa tadalafili ni saa 48. Anayetumia dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri hatumii kipimo cha kawaida, kwani dawa hukaa mwilini muda mrefu mno. Kikomo chake cha sildenafili ni miligramu 25 ndani ya saa 48. Anayemeza tamsulosini au prazosini kwa ajili ya tezi dume aseme mapema. Aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi 6 asubiri. Jipime hivi: kama unatembea kilomita moja na nusu kwa dakika 20 na kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana, moyo wako kwa kawaida unaweza kuhimili tendo la ndoa.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka, nenda hospitali usiku huohuo. Damu iliyokwama inaozesha nyama ya ndani, na ikichelewa uume hausimami tena. Wenye sikoseli hupata hali hiyo hata bila dawa, tangu utotoni, na wengi huficha kwa aibu hadi wanaharibikiwa. Mzazi mwenye kijana wa sikoseli amwulize waziwazi.

Vumbi la Kongo na dawa za kwenye chupa zisizo na lebo achana nazo. Zinazotia ganzi zinaua hisia, na hisia ndiyo inayoleta gesi tuliyoizungumza, kwa hiyo ulijibomoa mwenyewe, na mkeo naye hupakwa bila kuulizwa. Zile zinazoonekana "kufanya kazi kweli" mara nyingi zimechanganywa na sildenafili kimyakimya. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimezikamata za namna hiyo, na kwa mtu mwenye dawa za moyo hiyo ni hatari ya kifo. Nunua famasi iliyosajiliwa, boksi lenye jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho.

Sasa mkeo. Yeye anaumia zaidi ya unavyodhani, kwa sababu ukimya wako ameujaza na mwanamke mwingine. Mwambie mchana, mkiwa mmevaa na hakuna anayetarajia kitu: "Mama watoto, hamu na wewe ninayo, mwili ndio unakataa. Nakwenda kupima sukari na presha, na ningependa twende wote." Hakuna mchepuko anayeshindana na sentensi hiyo.

Kisha mfanye zoezi lililotokana na kazi ya Wamarekani William Masters na Virginia Johnson, ambalo washauri wa ndoa hulitumia mpaka leo. Kwa wiki mbili za mwanzo mnakubaliana kuwa tendo ni marufuku, hata uume ukisimama. Mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30, mnapapasana mwili mzima isipokuwa matiti na sehemu za siri, kwa zamu, kila mmoja akisema panapomfurahisha. Wiki mbili zinazofuata sehemu hizo zinaruhusiwa, tendo bado hapana. Uume ukisimama mnaacha makusudi ulale, halafu mnaanza tena. Hapo ndipo dawa ya hofu ilipo: unaona kwa macho yako kwamba ukilegea unarudi. Baada ya hapo mnaingiza, mkitulia kwanza bila haraka, mwanamke akiwa juu akipenda. Watu wengi huharibu zoezi hili kwa kuvunja marufuku siku ya pili kwa sababu uume umesimama, wakashindwa, wakarudi walipokuwa. Safari zako zitalikatisha, si neno. Endeleeni pale mlipoishia.

Sigara: pakiti kwa siku ndiyo adui yako mkubwa baada ya sukari. Nikotini hubana mishipa dakika uliyovuta, na moshi huchakaza utando kwa miaka. Kuacha kabisa ndiko kunakosaidia. Kupunguza hadi tano kunakuacha na madhara mengi yaleyale. Mirungi ya kukesha barabarani ina kazi ya adrenalini, nayo iache. Kama unakoroma sana na kukatika pumzi usingizini, mtajie daktari, kwa kuwa usingizi wa namna hiyo hushusha nguvu na kupandisha presha.

Mazoezi yana ushahidi mzuri sana, na hayahitaji gym. Dakika 160 kwa wiki za kutembea haraka hadi utoke jasho, yaani dakika 40 mara nne, kwa miezi 6, huboresha kusimama kwa wanaume wenye presha, kitambi au mishipa iliyoanza kuziba. Kwenye foleni ya Tunduma, ukiwa umeacha gari mahali salama na tingo wako akilinda, muda huo upo. Ongeza zoezi la nyonga: kaza ile misuli unayotumia kuzuia mkojo na ushuzi, bila kukaza tumbo wala makalio, shikilia sekunde 5 hadi 10, legeza muda uleule. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Misuli hiyo hukandamiza shina la uume na kusaidia damu isivuje, na ndiyo inayohusika na kulegea katikati. Inataka miezi 3 kabla hujahukumu. Unaweza kulifanya ukiwa kwenye usukani.

Mihogo mibichi na pweza nimeviweka nyuma kwa makusudi. Supu ya pweza ni protini safi na karanga zina mafuta mazuri, ni chakula, kula. Hakuna hata kimoja kinachofungua mshipa ulioziba au kushusha sukari. Kwa mihogo, ile michungu ikiliwa mbichi ina sumu ya sayanaidi, kwa hiyo usinunue usiyoijua. Na kama sukari itaonekana, soda na chai ya sukari nyingi za njiani ziishe siku hiyo.

Sukari na presha zikitulia, sigara ikiisha na dawa ikitumiwa sawasawa, wengi wa umri wako hupata ugumu wa kutosha ndani ya miezi michache. Nikwambie na upande mwingine: kisukari kikiwa kimeshaharibu mishipa ya fahamu, sehemu ya nguvu haitarudi yenyewe na vidonge vinaweza kushindwa. Hapo omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Mbeya, anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, nao wakikosa kifaa watakuandikia kwenda Muhimbili au KCMC. Kuna pampu ya kuvuta hewa inayoujaza uume damu, kisha unavishwa mpira shinani usiokaa zaidi ya dakika 30. Ipo sindano ya alprostadili unayojichoma mwenyewe ubavuni mwa uume baada ya kufundishwa, nayo husimamisha ndani ya dakika 5 hadi 20 hata kama mishipa ya fahamu imekufa. Cha mwisho ni upasuaji wa kuweka kipandikizi ndani ya ile mirija miwili. Huo huharibu nyama yako ya asili na haurudi nyuma, kwa hiyo usikubali kuukimbilia kabla hayo mengine hayajajaribiwa.